Siku Ishirini na Tano za Kukagua Pedi

Saa nane usiku, Aprili 2016, niliamka nyumbani kwetu Muheza nikiwa nimelowa. Mvua ya masika ilikuwa inapiga bati, nikadhani paa linavuja. Nilipokaa kitako maji yakashuka tena, ya vuguvugu, yakapita kwenye kanga hadi kwenye godoro. Sikuwa na maumivu yoyote. Mimba ilikuwa na wiki 28 na siku nne.

Asubuhi nilikwenda zahanati. Niliyemkuta alinisikiliza huku anaandika kadi ya mtu mwingine, akasema, "Mama, huo ni mkojo. Mtoto anakandamiza kibofu. Kapumzike." Nikarudi nyumbani, nikapumzika. Saa zile nazijutia mpaka leo. Mkojo unaubana, haya maji yalikuwa hayabaniki. Nikikohoa yanatoka, nikijigeuza yanatoka. Mjamzito anayeona hivyo aende hospitali saa ileile, na akiambiwa ni mkojo aombe apimwe.

Jioni mama mkwe aliichukua ile kanga, akainusa, akaisogeza kwenye taa. "Mwanangu, huu si mkojo. Chupa ya uzazi imepasuka." Akampigia simu mume wangu, na saa tatu usiku tulikuwa hospitali ya mkoa, Tanga mjini.

Daktari hakuniingiza vidole. Alisema chupa ikishapasuka mtoto hana ukuta tena, na kidole kinaweza kumpelekea vijidudu. Alitumia kifaa kilichotakaswa, akaniambia nikohoe, akayaona maji yenyewe yakichuruzika. Ultrasaundi ikaonyesha yamebaki machache. Usiku huohuo nikachomwa sindano ya kwanza ya deksamethasoni, ya kukomaza mapafu ya mtoto: miligramu 6 kila sindano, sindano nne kwa jumla, kila baada ya saa 12. Nikapewa na erithromaisini, dawa ya vijidudu, mara nne kwa siku kwa siku kumi. Vidonge vile vilinisokota tumbo mpaka nikawa naogopa kusikia kitoroli cha dawa kikija.

"Nitakaa hapa mpaka lini, daktari?"

"Mungu akijalia, mpaka wiki 34. Kila siku anayokaa tumboni ni faida yake. Lakini ukipata homa, maji yakibadilika rangi au yakianza kunuka, tunamtoa."

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Kipimajoto kwapani kila baada ya saa nne. Mkunga anainama na pembe yake ya kusikilizia mapigo ya mtoto juu ya tumbo, sikio limeegemea, macho yameganda kwenye saa, na mimi nazuia pumzi mpaka ainue kichwa. Na pedi. Kila niliyoivua ilikuwa haitupwi mpaka ionekane. Tuliisogeza dirishani mimi na sista, tunaangalia: nyeupe kama maji ya dafu, sawa, wekundu kidogo, tunaitana, kijani, Mungu apishe mbali. Nilijifunza kuzisoma kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani.

Kilichonishangaza ni kwamba maji hayaishi. Sista mmoja mtu mzima alinieleza kuwa mengi yake ni mkojo wa mtoto mwenyewe, anakojoa na kuyameza tena, kwa hiyo yanavuja na yanatengenezwa. Tangu hapo kila yalipotoka nilijiambia figo zake zinafanya kazi. Mama mkwe naye aliniletea madafu kila jioni, na alikuwa haondoki mpaka nimalize.

Kitanda cha jirani alilala dada kutoka Pangani. Yake ilipasuka akiwa na wiki 23. Tulikuwa tunahesabu pamoja mtoto anavyocheza, yeye wake na mimi wangu. Siku ya tisa alishikwa na uchungu usiku, akapelekwa leba, akarudi mikono mitupu. Sikupata neno la kumwambia. Nililala upande wa pili wa kitanda chake nikamshika mgongo mpaka kukakucha. Alipoondoka aliniachia pakiti mbili za pedi ambazo hazijafunguliwa. "Wewe utazihitaji, mama," akasema. Nilizitumia zote, na kila nilipofungua moja nilimwombea.

Siku ya 25 kipimajoto kilisoma 38.2. Mapigo ya mtoto yakaanza kukimbia. Sista hakunikaribisha dirishani safari hii, nikajua. Wakaniwekea dripu ya dawa, wakanianzishia uchungu, na kabla ya adhuhuri mwanangu akazaliwa, wiki 32 na siku moja, kilo 1.7. Alilia kama kipaka. Chozi lilinitoka kwa sauti ile, kwa sababu mapafu ndiyo tuliyokuwa tunayapigania.

Wakampa dawa za vijidudu na oksijeni kwa siku tatu, mipira ya kulishia puani, kisha wakaniletea kwa malezi wanayoyaita kangaruu: nepi na kofia tu, akafungwa kifuani kwangu kwa kanga, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Unyayo wake mzima ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha kati.

Wiki nzima niliendelea kuamka saa nane usiku, napapasa chini ya shuka kutafuta pedi niipeleke kwenye mwanga. Mkono unafika nusu, naye anajinyonganyonga kifuani, pumzi yake ikinipiga shingoni.