Usiku Kobe Alipotoweka

Sura ya tatu ilikuwa itoke saa nne usiku. Saa tatu na nusu, kobe wetu hakuwepo.

Tulikuwa watatu, tukitunga katuni ya mtandaoni kwa mtindo wa programu huria: yeyote angeweza kuchukua michoro yetu, kuibadilisha na kutuletea. Mhusika wetu alikuwa kobe mwenye taa, anayezunguka ndani ya jengo lisilo na madirisha. Ukibofya taa, chumba kinaangaza. Ukibofya mlango, hadithi inashika njia nyingine. Yote tuliyachora kwa SVG, aina ya faili ya michoro, na hilo nililipigania mimi. Faili ya SVG ni maandishi matupu: duara ni mstari mmoja tu unaotaja kitovu na nusu kipenyo. Basi nikawaambia wenzangu kwamba Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, itatuonyesha nani kagusa nini, mstari kwa mstari, kama inavyofanya kwenye msimbo. Nilisema kwa majivuno ya mtu ambaye hajajaribu.

Usiku ule mchoraji wetu alikuwa amesogeza jicho la kobe, kiasi cha upana wa unywele. Wakati huohuo mchangiaji mmoja tusiyemjua, wa mara ya kwanza, alikuwa ametuma maneno mapya ya kiputo cha mazungumzo kilichomo kwenye kisanduku hichohicho. Nikaunganisha kazi zao. Git ikalalamika kuna mgongano: watu wawili wamebadilisha mahali pamoja. Kufungua faili, nakuta mistari mia kadhaa imebadilika. Jicho moja! Kumbe programu ya kuchorea, kila inapohifadhi, ilikuwa ikipanga upya sifa za maumbo na kuandika namba upya mpaka kwenye desimali. Nikakatakata harakaharaka, nikapakia.

Mahali pa kobe pakabaki peupe.

"Kaka, kobe umemla?" mchoraji akaniandikia.

HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ukiikosea, kivinjari hukuvumilia na kubahatisha ulichokusudia. Faili ya SVG husomwa kama XML, ndugu yake mwenye sheria kali, na XML haina msamaha: alama moja nje ya mahali pake, huenda kisichorwe kitu. Nikaanza kusoma faili nzima kutoka juu, macho yakiwasha, mpaka nikazikuta katikati ya gamba la kobe: alama saba za <, zile ambazo Git huziweka kuonyesha mgongano unapoanzia. Nilikuwa nimefuta zile za chini, za juu nikazisahau.

Nikarudi kwenye toleo la yule mgeni kulinganisha, ndipo nilipoyaona maneno yake, na ni aibu kusema kwamba ndiyo kwanza nayasoma. Wakati wa kukatakata nilikuwa nimechagua upande wangu bila kuutazama wake. Mimi nilimwandikia kobe, mbele ya mlango: "Nitaufungua mlango huu, maana lazima nijue kilichomo ndani." Mgeni alikuwa ameandika: "Taa yangu inazimika. Fungua wewe."

Mlango ule haufunguki mpaka msomaji aubofye. Miezi yote ile niliyohangaika na JavaScript, msimbo unaoufungua mlango, haikunijia kwamba kobe anaweza kumgeukia mtu aliyeko nje ya kioo.

Nikaudhika. Nikamwambia mchoraji kwamba tubaki na maneno yangu, muda umekwisha, ya mgeni tutayatazama sura ijayo.

"Sawa," akajibu. "Basi mimi nitanakili sura yote na kuitoa kwangu na maneno yake. Leseni inaruhusu. Si uliiweka wewe?"

Kweli niliiweka mimi, ile CC BY-SA inayomruhusu yeyote kunakili na kubadilisha kazi, mradi amtaje mwenyewe na atumie leseni hiyohiyo, tena baada ya kuwahutubia jioni nzima kuhusu uhuru wa kazi.

Sura ilitoka saa sita kasorobo, kobe na jicho lake jipya, akiomba afunguliwe mlango. Wiki iliyofuata nikayahamisha maneno yote ya viputo kwenye faili yake peke yake, mbali na michoro, ili jicho na sentensi visigombanie tena mahali pamoja. Sentensi yangu bado imo kwenye historia ya Git. Nimewahi kwenda kuitazama mara moja. Ni ndefu mno kwa kiputo kile.