Miraba Kumi na Mitatu

Mdogo wangu alipozimia tena akiogelea Wesha, kwetu Pemba, mama alikwishaamini kuwa ni kifafa, na bibi kuwa ni shetani wa baharini. Kombe liliandikwa kwa zafarani na kunywewa kabla baba hajakata shauri la kumvusha hadi hospitali ya Unguja.

Huko walimbandika vinasio kifuani, mikononi na miguuni, na mashine ikatoa karatasi ya waridi yenye miraba midogo. Daktari hakuitupia jicho tu, alichukua kalamu akahesabu. Karatasi ile huenda milimita 25 kwa sekunde, hivyo kila mraba mdogo ni sekunde 0.04. Pigo hadi pigo ilikuwa miraba 25, yaani mapigo 60 kwa dakika, jambo lisilo na tatizo. Lakini mwachano wa tangu mwanzo wa wimbi la Q, vyumba vya chini vya moyo vinapoanza kupata umeme, hadi mwisho wa wimbi la T, vinapomaliza kujiandaa upya, aliuhesabu miraba 13, ambayo ni milisekunde 520.

"Kwa mwanamume tunapenda isizidi 450 hivi," alisema. "Ikipita 500, tunaogopa."

Alitueleza kuwa moyo wa namna hii huchelewa kujiandaa upya kwa umeme baada ya kila pigo, na pigo la ziada likiuwahi katika kuchelewa huko, vyumba vya chini hutetemeka badala ya kusukuma damu. Ubongo ukikosa damu mtu huanguka, pengine akakakamaa, ndiyo maana hudhaniwa kifafa. Mtetemo ukitulia huzinduka; usipotulia, hufa. Kuogelea ni miongoni mwa vichocheo.

"Mama, katika ukoo wenu yupo aliyekufa ghafla ujanani?"

Mama alimtaja mjomba, mvuvi aliyefia kwenye maji ya kifua, na sote tulikuwa tumeridhika kusema kuwa alizama. Akaomba naye apimwe. Hajapata kuzimia maisha yake, lakini karatasi yake nayo ilikuwa na mwachano mrefu. Hitilafu hii ya jeni huweza kukaa kimya, na kila mtoto wa aliye nayo ana nusu ya nafasi ya kuirithi. Karatasi yangu ilitoka salama.

Mdogo wangu alipewa propranolol, dawa ya kuutuliza moyo, akakatazwa kuogelea, akaandikiwa orodha ya dawa za kuepuka, zikiwemo kwinini ya malaria na antibiotiki ya erithromaisini, ambazo hurefusha mwachano huo. Kwa maoni yangu orodha ile ilikuwa na thamani sawa na vidonge, maana kwetu homa ikipanda mtu hukimbilia duka la dawa. Bibi alikubali yote, ila hakuacha kumwandikishia kombe, na daktari alipoulizwa alijibu kuwa zafarani haimo katika orodha yake.