Sukuni ya chuo cha Kurani ndiyo iliyonisaidia kufundisha Kiingereza

Watoto ninaowafundisha jioni hapa Langoni, Lamu, ni wa miaka mitano hadi saba. Niliambiwa niwakaririshe chati ya dukani, A mpaka Z. Matokeo yake mtoto anaimba nyumba ya barafu na tufaha ambalo hajapata kulionja, lakini kikombe alichoshika mkononi hajui kukitaja. Ushauri huo unakera, na bado watu wanapeana.

Nikaanza na vitu vya kushika: cup, spoon, mat, rope, fish. Maneno matano yanatosha kwa kipindi, na mawili ya jana yarudiwe. Kadi nilikata kwenye maboksi. Nilinunua kalamu ya wino mzito tu, shilingi mia hivi. Picha mbele, neno nyuma. Neno lisionekane kabla mtoto hajalizoea kwa sikio, la sivyo "spoon" atalisoma "spo-oni".

Tabu kubwa iko mwishoni mwa neno. Kiswahili kimezoea kumalizia kwa irabu, basi "mat" huwa "mati" na "cup" huwa "kapu". Kukaripia hakufai kitu. Lakini watoto hawa wanasoma chuoni, yaani madrasa, na sukuni, alama ya maandishi ya Kiarabu, wanaijua: herufi inasimama, haifuatwi na irabu. Nikachora kile kiduara cha sukuni chini ya picha, wakaelewa mara moja. "Mati" ikawa "mat".

Mpangilio wa herufi hizi za mwisho una maana. Anza na n, m, s, f, t, k. Kwa p, midomo ibaki imefungwa mpaka upige kofi. B na d ziache mwisho, kwa sababu katika tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, zina kalkala, yaani mdundo zikiwa na sukuni: mtoto huzidundisha na "bed" inapata mkia tena. Hapo muunganishie neno linalofuata lenye kuanza na irabu, "bed is", ule mdundo umezwe na irabu hiyo.

Ya "three" na "this" msiwasumbue nayo watoto wa Amu, yaani Lamu. Wanazo tayari, katika thelathini na dhahabu.

Kwa "ship" na "sheep" nilitumia madda, yaani kuvuta irabu katika tajwidi: "sheep" huvutwa harakati mbili (kipimo cha irabu fupi mbili), "ship" haivutwi. Urefu peke yake hautoshi, lakini. Kwenye "sheep" midomo itanuke kama ya anayetabasamu. Kwenye "ship" ilegee na ulimi ushuke kidogo. Wapange wawili wawili, mmoja ataje, mwenzake aonyeshe kadi. Akionyesha kondoo badala ya meli, aliyetaja arudie.