Mkoba wa shemeji

Jumapili usiku. Nimenawa mara tatu na bado mikono inanuka samaki.

Nianze na jiwe, maana jiwe ndilo lililotuponza. Pale tulipokaa kuvua jana, mimi na shemeji, kuna jiwe kubwa, na nyuma yake kuna kivuli na maji mafupi ya baridi. Kila samaki niliyemnasa nilimchomoa ndoano, nikanyanyuka, nikazunguka jiwe, nikamtumbukiza kwenye gunia nililoliloweka majini. Samaki akiachwa juani nyama inalegea upesi, hilo halihitaji shule. Sasa jiweke wewe ng'ambo ya maji, mkononi una darubini. Unaona mtu mzima anavuta samaki, anatazama huku na huku (mimi hutazama huku na huku hata nikiwa sebuleni kwangu), halafu anaenda kumficha nyuma ya jiwe. Anarudi. Baada ya muda anafanya tena. Hata mimi ningekuja kuuliza.

Walikuja askari wawili wa uvuvi, bwana wa makamo na binti aliyevaa sare inayomzidi mabega. Hatukusikia hata jani. Binti alimwamkia shemeji, "Shikamoo mzee," na shemeji akaitika marahaba bila kuondoa macho kwenye boya lake, akidhani ni wapita njia. Kisha kwa sauti ileile ya upole binti akasema, "Mzee, naomba usikunje mshipi kwanza. Acheni kila kitu kama kilivyo." Shikamoo na upekuzi kwa pumzi moja.

Bwana yule akanigeukia mimi. "Mmepata wangapi?"

"Watano hivi. Sita."

"Watano au sita?"

Hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho. Walikuwa saba. Sikudanganya, nilikuwa sijahesabu tu, lakini ile "hivi" yangu ndiyo hiyohiyo anayoitumia mtu anayedanganya, wala haina alama ya kuitofautisha. Baadaye nilielewa kwamba hakuuliza ili ajue. Walikuwa wametutazama karibu saa nzima, na kwenye kijitabu chake kulikuwa na vistari saba, vinne vimesimama na cha tano kimevikata, kisha viwili pembeni. Swali lile lilikuwa ubao wa kunipimia mimi.

Wakatutenganisha. Binti akaenda na shemeji chini ya mti, mimi nikabaki na bwana. Wa kwanza alinasa saa ngapi? Kwa chambo gani? Mliwahi kumrudisha yeyote majini? Nani kamvua yupi? Leseni nilimpa kwa mbwembwe, maana ndiyo silaha pekee niliyokuwa nayo, na ilikuwa hai. Akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia kama mtu anavyokurudishia chenji. Nikaona kumbe leseni inakuruhusu kuanza kuulizwa, haikumalizii maswali.

Swali la nani kamvua yupi ndilo lililotutia doa. Gunia lilikuwa moja. Mimi niliona ni jambo la kawaida kabisa, ndugu wawili na gunia moja. Lakini idadi inayoruhusiwa kwa siku ni ya kila mtu kivyake, na samaki wakishachanganywa hakuna awezaye kusema nani kafikia kikomo na nani bado. Bwana akanieleza kwamba ujanja unaotumika sana ndio huo: fundi mmoja anavua samaki wa watu wanne, wale watatu wengine wameshika fimbo za maonyesho. Nikaonyesha watatu kwamba ni wangu. Dakika tano baadaye shemeji akaletwa, akaonyesha wake, na wawili kati ya aliowaonyesha walikuwa ni wale niliokwisha kuwadai mimi. Binti akaandika. Sikupenda jinsi alivyoandika, polepole, akirudia mstari.

Kisha ukatoka ubao wa kupimia. Ni ubao mwembamba wenye kizingiti upande mmoja na mistari ya sentimita. Samaki hulazwa ubavu, mdomo umefungwa, pua ikagusa kizingiti, mkia ukalala juu ya mistari. Mimi miaka yote hupima kwa shibiri, nikitandaza kiganja juu ya mgongo wa samaki, na nilikuwa nikijisifu kwamba shibiri yangu haijawahi kunidanganya. Sita walipita. Wa saba alipolazwa, ncha za mkia wake zilikuwa zimetanuka kama mkasi uliofunguliwa, na zote mbili zikaishia nyuma ya alama ya urefu wa chini unaoruhusiwa. Upana wa ukucha, si zaidi. Nilikuwa nimechuchumaa, niliona kila kitu: ule ute unaong'aa kwenye magamba, tone la maji linaloteremka kwenye mstari, na kidole gumba cha yule bwana kimetulia kando ya mkia.

Hakusema neno. Akazishika zile ncha mbili kwa vidole, akazibana pamoja taratibu, nazo zikajivuta mbele zikagusa mstari. Zikapita kidogo.

"Kanuni yetu inataka mkia ubanwe," akasema. "Kwingine wanapima mpaka kwenye panda ya mkia tu. Ungempima mwenyewe usingekuwa na haja ya kunitazama hivyo."

Sijui nilikuwa nikimtazama vipi. Najua tu kwamba nilimshukuru moyoni, na papo hapo nikajichukia kwa shukrani ile. Samaki alikuwa halali tangu mwanzo. Ya nini kumshukuru mtu kwa kukuambia kwamba hukuiba?

Ningeishia hapa, hiki kingekuwa kisa cha kuchekesha jamaa. Lakini nikiandika humu huwa sipendi kuruka lile linaloniuma.

Kabla ya kuondoka bwana akaniuliza, kama mtu anayefunga daftari, "Kuna samaki wengine mahali popote?" Nikasema hapana. Na macho yangu yakaenda kwenye mkoba wa shemeji.

Sikuyatuma. Yalikwenda yenyewe. Mkoba ulikuwa umebaki pale alipokuwa ameketi, mweusi, umevimba. Alikuwa ameukalia tangu alfajiri. Tulipofika nilitaka kuutundika mtini akaninyang'anya, akasema uache hapohapo. Nilikuwa nimeyasahau hayo, lakini ulipokuja ule wasiwasi wa kuulizwa na kutenganishwa na kuandikwa, yote yalirudi kwa mpigo, na kwa muda wa pumzi mbili hivi nikaamini kabisa kwamba shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mtu aliyenifundisha kufunga ndoano, amekalia samaki wa magendo. Bwana akayafuata macho yangu kama mtu anavyofuata mshipi mpaka kwenye chubwi. "Na ule?"

Binti ndiye aliyefungua zipu. Ndani kulikuwa na mto. Mto mdogo wa kulalia mtoto, wenye maua yaliyopauka kwa kufuliwa, na pembeni yake chupa ya mafuta ya kuchua. Shemeji ana nyonga mbovu siku hizi, na amekuwa akiniambia ni uchovu. Alikuwa ameuficha mto ndani ya mkoba ili akalie bila mimi kuuona.

Binti aliurudisha, akaufunga, akasema, "Samahani sana mzee." Alisema vizuri, kwa adabu. Shemeji hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Njiani hatukuzungumza. Aliteremka akasema, "Haya, shemeji," akachukua samaki wake watatu, mmojawapo nikiwa na hakika ni wangu.

Usiku nikakosa usingizi nikaanza kusoma. Huwa nikiudhika nasoma, nikitafuta mtu wa kunipa haki. Nilitaka kukuta mahali palipoandikwa kwamba askari hawezi kumpekua mvuvi bila sababu. Nilichokikuta ni kinyume chake. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataza polisi kusimamisha magari ovyo bila kuwa na shaka yoyote, jaji Harry Blackmun aliongeza maneno yake pembeni kusema kwamba uamuzi ule usije ukatia kivuli kazi ya askari wa wanyamapori, ambao ukaguzi wao kwa asili yake ni wa kubahatisha. Na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kesi ya mtu aliyekuwa akivua kwa mshipi gatini. Afisa alimwona kwa mbali, kwa darubini, akitia kitu mkobani, asijue ni samaki au ni kambakoche. Akamsimamisha akiwa ameshaingia garini. Alikuwa kambakoche, na msimu wake ulikuwa umefungwa. Mahakama ikasema afisa ana haki ya kumsimamisha mtu ambaye yeye afisa anajua ametoka kuvua muda si mrefu na kudai aonyeshwe alichovua, hata bila kumshuku kosa lolote.

Darubini na mkoba. Nilicheka peke yangu kitandani mpaka mke wangu akageuka.

Nikikaa nikafikiri, naona wana hoja. Mwizi wa ng'ombe hushtakiwa na mwenye ng'ombe. Samaki hana wa kumlilia. Ukimvua kabla hajataga hata mara moja, hakuna anayeamka asubuhi akakuta kimepungua kitu. Wanapungua kimyakimya, mwaka hadi mwaka, mpaka siku boya linashinda limetulia. Na si wadogo tu. Jike kubwa hubeba mayai mengi kuliko hata ukubwa wake unavyokufanya udhanie, ndiyo maana kuna maji ambayo kanuni zake zinakataza wadogo na wakubwa pia, unachukua wa katikati. Sangara wa Ziwa Victoria waliwahi kuwekewa kipimo cha namna hiyo, sentimita 50 hadi 85. Mtu asiyeelewa atadhani ni usumbufu. Mimi mwenyewe nilidhani, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nikivua.

Halafu nikakuta sheria ya Uingereza ya mwaka 1723, iliyoweka adhabu ya kifo kwa mtu atakayeiba samaki mtoni au bwawani akiwa amejibadilisha sura, kwa mfano kwa kujipaka masizi usoni. Sehemu yake kubwa ilifutwa mwaka 1823, karne nzima baadaye. Samaki wale walikuwa wa mabwana wenye mashamba. Labda ndiyo sababu neno jangili halichomi sawasawa kila likitumika. Kuna jangili aliyenyimwa cha watu wote na kuna jangili anayewanyima watu wote, na askari akikusogelea na kijitabu hujui anakuweka kundi gani.

Lakini kilichoniuma si upekuzi. Nadhani ningeulizwa kama anavyoulizwa kila apitaye, nisingeona uchungu. Ningeonyesha gunia nikaendelea. Kilichoniuma ni kwamba walinishuku, na shaka ile haikukaa kwangu. Niliipokea, nikaishika sekunde mbili, nikampasia mtu wa karibu kabisa niliyekuwa naye. Wale wawili walikuwa na sababu: jiwe, gunia, "hivi". Mimi nilikuwa na mkoba uliovimba na miaka kumi na tisa ya kumjua mwenye mkoba, na nikachagua mkoba.

Nimenunua futi ya kupimia ya kitambaa. Nimeishona kwenye mfuko wa koti. Na magunia mawili.

*

Naongeza hapa, wiki mbili baadaye.

Shemeji hakupiga simu Jumamosi iliyofuata, wala mimi. Mke wangu akauliza mmegombana nini, nikasema jua lilikuwa kali. Nilitunga ujumbe wa kuomba radhi mara nne nikaufuta, kwa sababu kila nilipoandika "nisamehe kwa kuutazama mkoba wako" ilisomeka kama upuuzi. Utamwombaje mtu radhi kwa kutazama?

Jana usiku akaandika yeye. "Kesho alfajiri?" Basi.

Tulifika kukiwa bado giza. Nikaweka magunia mawili majini, safari hii mbele ya jiwe, mahali panapoonekana hata kutoka mwezini. Nikatoa futi. Shemeji akaiangalia, akaguna. Kisha akafungua mkoba wake, akautoa mto wa maua, akaupigapiga mbele yangu kama mtu anayekung'uta zulia, akauweka juu ya jiwe akaukalia. Mkoba mtupu akanitupia miguuni, zipu wazi.

"Kagua," akasema.

Nikaukagua. Nilitia mkono mpaka pembe za chini. Kulikuwa na ganda moja la karanga.