Wazungu 12 nje, ardhi 17 ndani: nilivyojiandaa kwa mashindano yangu ya kwanza ya Magic

Ushauri mbaya nusura uniharibie siku. Nilijiandikisha mashindano ya Magic: The Gathering, mchezo wa karata wa kupigana kwa viumbe na uchawi, kwenye duka moja hapa Leicester, Uingereza, yale yanayochezwa kabla toleo jipya la karata halijaingia sokoni. Huendi na karata zako. Unapewa pakiti sita palepale, unafungua, na katika karata zaidi ya 80 unachagua za kuunda fungu lisilopungua 40. Nililipa pauni thelathini na kitu, karata ukabaki nazo.

Jamaa mmoja wa kazini, mchezaji wa siku nyingi, akaniambia, "Kaka, ardhi weka 14 tu. Ardhi hazipigani, wewe jaza viumbe." Sasa, karata za ardhi ndizo zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine, na bila mana hata karata kali kuliko zote ni garasa. Lakini alisema kwa uhakika, nikamwamini.

Alhamisi usiku nikajaribu na mwenzangu wa chumba, kijana wa Mombasa, kwa karata za kuazima. Nilishika joka la mana sita tangu mwanzo. Zamu ya tatu, ardhi mbili. Zamu ya tano, mbili. Zamu ya saba bado mbili, na viumbe wake wanne wananimaliza huku joka limelala mkononi. Tukacheza mara tano, nikashinda moja. Nililala na hasira.

Asubuhi nikakumbuka karata za kawaida, zile tulizochezea barazani Tanga. Ukitoa wazungu wote 12, yaani zile karata zenye picha za watu, zinabaki 40 kamili! Nikaamua kopa zote kumi, na uru kuanzia ree mpaka saba, ziwe ardhi: 17. Shupaza zote, pao zote na uru tatu zilizobaki zikawa viumbe na uchawi: 23. Nikachanga, nikagawa saba, nikahesabu ardhi, nikaandika nyuma ya bahasha. Nikachanga tena. Mikono hamsini. Iliyokuja na ardhi moja au bila ardhi kabisa ilikuwa mitano. Kisha nikabakiza ardhi 14, yaani uru ziishie nne, nikagawa hamsini nyingine: kumi na mmoja. Zaidi ya mara mbili! Nilifurahi kana kwamba nimeshashinda. Na vidole vikazoea kuchanga haraka, jambo lenye maana sana, kwa sababu raundi ni dakika 50 na huenda mkacheza michezo mitatu.

Siku yenyewe nilichagua karata za rangi mbili, kijani na nyeupe. Nilikuwa na karata mbili nyekundu adimu sana na roho iliniuma kuziacha, lakini kila rangi hutaka ardhi zake, na ya tatu ingezigawanya zangu vibaya. Nunua mapema vile vifuko vya plastiki vya kuvalisha karata, na ununue zaidi ya 40 maana vinapasuka. Beba pia kalamu na karatasi. Kila mtu anaanza na uhai 20, na mimi niliandika wa kwangu na wa mwenzangu kila ulipopungua. Raundi ya pili tulibishana kama amebaki na saba au tisa, nikamwonyesha karatasi, yakaisha. Raundi ile nilishindwa kihalali, alikuwa na viumbe warukao nami sikuwa na cha kuwazuia. Ya kwanza nilikuwa nimeshinda, ingawa nilimwita mwamuzi mara mbili anieleze karata. Inua mkono tu, wanakuja kwa upole.

Raundi ya mwisho tulifungana mchezo mmoja kwa mmoja. Zamu ya tano nina ardhi tano, mwenzangu amekwama kwenye mbili. Nikammaliza. Alikuwa ameweka 15. Nikatoa zile karata za kawaida kwenye koti, nikamgawia mikono kumi palepale mezani, na watu wawili wakasogea kutazama.

Bahasha nimeitunza. Jumatatu naipeleka kazini, jamaa yule aone mwenyewe tano na kumi na moja.