Dubu na sanduku lake

Jana usiku nimeangalia tena ile katuni fupi ya Chile, Historia de un oso, yaani hadithi ya dubu, haifiki hata robo saa na hakuna anayeongea neno hata moja, halafu nikabaki nimekaa tu na simu mkononi, usingizi umeshakata.

Kama hujaiona iko hivi. Kuna dubu mzee anaishi peke yake, fundi, anatengeneza vidubu vya bati, anakaza skrubu moja moja, anavipanga ndani ya sanduku lenye mitambo ya kuzunguka. Akimaliza analipeleka kona ya mtaa, anapiga kengele, mtoto mmoja anambembeleza baba yake mpaka anatoa sarafu, basi anachungulia kwenye kitundu. Mle ndani sasa ndo kuna stori yenyewe, dubu na mkewe na mtoto wao wametulia zao nyumbani, wanakuja watu wa sarakasi na virungu wanambeba mume mtu, anapelekwa mbali kufurahisha watazamaji, na muda wote huo kichwani ana jambo moja tu, kurudi kwake.

Na ndani ya sanduku anarudi kweli, anawakuta, wanakumbatiana.

Hapo ndo huwa naishiwa nguvu. Maana mimi mtazamaji nimeshaona kwa huyu mzee kulivyo, kimya, hakuna mke hakuna mtoto. Kwa hiyo ule mwisho kautengeneza mwenyewe kwa mikono yake, kaukata kwenye bati, kautia skrubu, na kila mteja akitoa sarafu wale wawili wanarudi kwa dakika chache halafu sanduku linafungwa. Yule mtoto anaondoka na furaha yake, hajui kitu.

Aliyeiongoza ni Gabriel Osorio, ilitoka 2014, na 2016 ikawa filamu ya kwanza ya Chile kushinda Oscar, ile ya katuni fupi, tena Pixar, studio kubwa ya katuni ya Marekani, nao walikuwa wanaiwania tuzo hiyohiyo. Ila kilichonigusa ni kwamba stori imetoka kwa babu yake, Leopoldo, aliyefungwa baada ya wanajeshi kumpindua Allende, rais wa Chile, Septemba 1973, kisha akaishia uhamishoni, mjukuu akakua bila babu. Ukishajua hivyo vile virungu vya watu wa sarakasi huviangalii tena kama katuni.

Watu wengi wakisikia mhamiaji wanafikiria mtu aliyefunga begi mwenyewe kwa hiari yake, na mapenzi yakifa wanauliza nani alikosea. Kuna mapenzi yanakufa hakuna aliyekosea jamani. Najua kwa sababu yalinikuta. Mtu wangu aliondoka kwa kulazimika, mimi nikaomba viza nimfuate nikanyimwa, nikaomba tena nikanyimwa, na hatukugombana hata siku moja. Ilikuwa ni masaa tu, mimi naamka yeye ndo analala, nikimtumia ujumbe wa sauti anaujibu kesho yake, baadaye wiki, na sauti yenyewe ikaanza kuwa ya adabu. Hiyo adabu ndo iliniuma kuliko kitu chochote, mtu aliyekuwa ananiita kwa jina la utani sasa ananiuliza "habari za siku nyingi".

Hakuna siku naweza kusema hapa ndo tuliachana.

Ndo maana namwelewa huyu dubu mpaka ndani kabisa. Hata mimi nina mwisho wangu niliojitengenezea, mlango wa wanaofika unafunguka pale uwanja wa ndege, anatoka, kavaa lile koti la bluu aliloondoka nalo. Nimeuchezesha kichwani mara nyingi sana mpaka najua anashika begi kwa mkono upi. Ni wa kushoto.