Dawa isiyoogopa jua la Bahi

Oktoba mwaka juzi niliharibu vichupa vitatu vya chanjo ya ndui ya kuku. Basi lilizimika katikati ya Dodoma na Bahi, saa saba mchana. Barafu kwenye themosi ikayeyuka, maji yakawa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Nilipofika, mama mmoja alikuwa amewafungia kuku wake ndani tangu alfajiri akinisubiri. Nikamwambia, "Mama, dawa imekufa." Hakunilaumu. Alifungua mlango tu, wakatoka kuchakura. Wiki tatu baadaye nilikuta vifaranga wake wawili wana vipele hadi machoni.

Ndiyo maana naipenda chanjo ya kideri, ile I-2: inavumilia joto. Tone moja jichoni, kuku anapepesa, unamwachia.

Basi niliposoma kuhusu protini ndogo zinazobuniwa kwa kompyuta ili kuzuia virusi vya mafua, hadi yale ya ndege, nilitafuta kwanza habari ya joto.

Kirusi cha mafua kimejaa vijiti mwilini, kila kimoja kina kichwa na shina. Kichwa hubadilika kila mara, na chanjo ya mwaka jana hukipita kirusi bila kukijua. Shina halibadiliki sana, maana lina kazi nzito: kirusi kikishamezwa na seli, shina hujikunjua na kuunganisha utando wa kirusi na wa seli, vinasaba vikapita. Mwaka 2011 maabara ya David Baker kule Seattle, Marekani, pamoja na wenzao, walibuni protini za kujipachika hapo shinani. Zilishika H1, aina ya mafua ya janga la mwaka 1918, zikashika na H5, jamii ya mafua ya ndege. Shina likibanwa halikunjuki, kirusi kinabaki mlangoni.

Mwaka 2017 wakajaribu maelfu ya protini ndogo zaidi, vipande vya amino asidi (matofali ya protini) 37 hadi 43 tu. Kingamwili moja, protini ambayo mwili hupigania virusi, ina zaidi ya 1,300. Panya waliotiwa vipande hivyo puani, kabla au hata baada ya kuambukizwa mafua, walinusurika. Na vipande vyenyewe vinastahimili joto kali.

Panya si mtu, najua. Kuku wangu nao bado watahitaji chanjo, kwa sababu protini hizi haziufundishi mwili kukumbuka. Ninaowawaza ni wanaonyonyoa kuku sokoni kwa mikono mitupu. Hong Kong mwaka 1997, H5N1 iliwapata watu 18, wakafa 6, na chanzo kilikuwa masoko ya kuku.

Dawa ya namna hiyo ningeitia mfuko wa shati, nipande bodaboda saa saba hiyohiyo, nifike Bahi nayo nzima.